Kamba za viatu zinanifungukia kutwa nzima. Nakosea wapi wakuu?

#1 Mbeba Katoni
Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, mada yangu ni ndogo ila imeshanitia hasara.

Kazi yangu ni kupeleka mizigo ya wateja, nipo duka la vyombo Kariakoo. Kutwa natembea: Kongo, Narung'ombe, hadi Mchikichini, napanda ghorofa nashuka ghorofa. Mikono yote miwili ina katoni. Sasa kamba za viatu zinafunguka. Si mara moja, ni mara tano sita kwa siku, na mguu wa kushoto ndio umezidi. Ukiwa na katoni ya glasi kifuani huwezi kuinama. Unaburuza mguu kama bata mpaka upate pa kutua mzigo.

Jumanne, ngazi za ghorofa ya tatu, nimekanyaga kamba ya kushoto kwa mguu wa kulia. Mimi nimechubuka goti tu. Glasi dazeni mbili zimekwenda. Bosi amekata kwenye hela yangu na goti hajaliuliza.

Viatu ni raba za mtumba, nimeokota Karume, bado nzima kabisa. Nafunga kwa nguvu mpaka mguu unakufa ganzi, na bado zinafunguka. Kuna siri gani ambayo wenzangu mnaijua?

#2 Mzee Kandambili
Vaa ndala. Uzi ufungwe.

#3 Chalii wa Sakina
Uzi kuhusu uzi. Nimevuta kiti, leteni kahawa.

#4 Dada Sauda
Funga fundo juu ya fundo. Mimi hivyo tangu darasa la kwanza na sijawahi kukanyaga kamba.

#5 Mbeba Katoni
Dada Sauda, hiyo nimejaribu. Likilowa na mvua ya asubuhi, jioni halifunguki bila meno. Juzi nimekaa kitandani nusu saa na kiatu kimoja mguuni, mwisho nimelala nacho. Na kuna siku hata hilo la pili linaachia.

#6 Fundi wa Manzese
Mbeba Katoni, pole kwa goti. Kabla sijasema kitu nijibu swali moja. Usifungue viatu. Angalia chini sasa hivi. Yale masikio mawili ya fundo yamelalaje? Yamekatisha kiatu, moja linaangalia kulia na jingine kushoto? Au yamefuata urefu wa kiatu, moja linaangalia vidole na jingine linaangalia ugoko?

#7 Mbeba Katoni
Moja linaangalia vidole. Jingine linaniangalia mimi. Viatu vyote viwili. Umejuaje?

#8 Chalii wa Sakina
Mganga kaingia mjini.

#9 Fundi wa Manzese
Hakuna ramli hapo. Nimekaa chini ya mwarobaini na sindano yangu zaidi ya miaka ishirini, kila mguu unaokuja mbele yangu nauona kamba kwanza, sura baadaye.

Ni hivi. Fundo la kiatu ni mafundo mawili yaliyopandana. La chini ni lile la kuanzia, unapokutanisha kamba mbili, moja inapita chini ya mwenzake, unavuta. La juu ni la masikio. Kila moja lina upande linaozungukia. Ukizungusha la chini kuelekea upande mmoja, halafu la juu nalo ukalizungusha upande uleule, hayashikani. Yanasukumana. Fundo zima linajipindua, linafuata urefu wa kiatu, na kila hatua linajilegeza kidogo. Lakini la juu likizunguka kinyume na la chini, yanabanana kama meno ya zipu na masikio yanalala yenyewe kukatisha kiatu. Skauti yeyote analijua hilo, ni katika mafundo ya mwanzo kabisa wanayofundishwa.

Dawa: masikio usiyaguse. Mikono yako imeyazoea tangu utoto, ukiibadilisha hapo utachanganyikiwa utavaa ndala kweli. Badilisha la chini tu. Kama huwa unaanza kwa kupitisha ya kulia juu ya ya kushoto, kesho anza na ya kushoto juu ya ya kulia. Kisha endelea na masikio yako ya siku zote.

Ukitaka kuhakikisha, ukishafunga shika kamba mbili zilizo chini ya fundo, pale zinapotokeza kwenye matundu ya juu, uzivute huku na huku. Fundo bovu litapinduka mbele ya macho yako. Zima litabaki limelala.

Na hiyo ya kukaza mpaka mguu unakufa ganzi acha. Unaubana mguu, fundo lenyewe halipati faida yoyote.

#10 Mbeba Katoni
Nimejaribu hapa kitandani. Nilipovuta, la zamani limegeuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Hili jipya limetulia. Sasa kesho nafanya hivi: kulia nafunga mtindo wa fundi, kushoto nauacha na mtindo wangu. Jioni naleta majibu.

#11 Raia Mwema
Bei ya mafuta ya kula haishikiki na nyie mnajadili masikio ya viatu. Hii nchi ngumu.

#12 Dada Sauda
Na wewe umeusoma uzi mpaka namba kumi.

#13 Mwalimu wa Fizikia
Raia Mwema, jambo hili limepelekwa maabara. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 2017 katika jarida la Royal Society ya Uingereza. Walikuwa watatu: Christopher Daily-Diamond, Christine Gregg na profesa wao Oliver O'Reilly. Gregg alivaa raba, akakimbia kwenye mashine, na kamera ya kupunguza mwendo ikamulika kiatu kwa picha 900 kila sekunde.

Walichokiona ni kwamba kuna mambo mawili yanayotokea kwa pamoja. Kwanza, mguu unapogonga chini wakati wa kukimbia, kiatu kinapata mshtuko wa kama mara saba ya nguvu ya uvutano. Mshtuko huo unalinyoosha fundo na kuliachia, linyooke liachie, mpaka kiini chake kinalegea. Pili, mguu ukirushwa mbele kisha ukasimama ghafla, mikia ya kamba na masikio vinarushwa kama kiboko. Mkia unavutwa kidogo, tena kidogo. Mkia ukishaanza kuteleza unarefuka, ukirefuka unavuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo unateleza zaidi. Kuanzia hapo ni sekunde chache tu. Ndiyo maana ukiangalia kamba dakika moja iliyopita ilikuwa sawa, sasa hivi unaikanyaga.

Kilichonifurahisha mimi: walijaribu kutenganisha. Mtu akae mezani aning'inize miguu na kuirusharusha bila kugusa chini, fundo halikufunguka. Akanyage chini palepale bila kurusha mguu, halikufunguka. Mpaka viwe viwili pamoja. Wakafunga na vizito vidogo kwenye mikia, fundo likashindwa mara nyingi zaidi.

Na fundo la fundi lilikuwemo. Walilinganisha yote mawili, lile la kujipindua na lile la kulala. La kujipindua lilishindwa vibaya. Kwa nini hasa moja lina nguvu kuliko jingine, wenyewe walikiri kwamba hesabu yake haijakamilika. Mwanafunzi wangu yeyote anayetafuta mada, hiyo ipo.

#14 Mbeba Katoni
Mwalimu, kwa hiyo mimi ninayeshuka ngazi na kilo ishirini kifuani ndiyo nagonga chini kweli kweli?

#15 Mwalimu wa Fizikia
Ndiyo. Kushuka ngazi na mzigo kunagonga kuliko kutembea tambarare. Na mikia yako naomba uipime. Ikiwa mirefu kiasi cha kugusa pembeni ya soli, hiyo ni mijeledi miwili umeibeba bure.

#16 Nahodha wa Pangani
Wanangu, hamjambo. Sisi wa zamani huku pwani tunaita gidamu, nyie kamba za viatu, sawa tu.

Fundi kasema kweli kuhusu fundo, ila hajasema kuhusu kamba. Mimi nimefunga mafundo maisha yangu yote, ya tanga, ya nanga, ya mshipi. Zamani kamba ilikuwa ya usumba. Usumba una nywele, ukiufunga unajishika wenyewe, hata fundo la mtoto linakaa. Ikaja nailoni. Nailoni ni samaki mkunga, inateleza. Fundo lililokuwa likishika miaka yote kwenye usumba, kwenye nailoni linateleza usiku mmoja, asubuhi unakuta ngalawa haipo. Tukajifunza upya: kwenye nailoni unaongeza mzunguko, na ukikaza mshipi unaulowesha mate kwanza ndipo unavuta taratibu, uketi.

Sasa hizo raba zenu za mtumba nyingi zina kamba za duara, laini, zinang'aa. Ukizipitisha kati ya vidole zinakimbia. Hiyo ni nailoni au ndugu yake. Tafuta kamba bapa ya pamba, ile yenye ukavu kidogo mkononi. Na kama huna hela ya kamba, pakaa nta.

#17 Chalii wa Sakina
Babu shikamoo. Nimekimbia dukani nimenunua mshumaa, nimepaka kamba zote mbili. Nimetoka hatua kumi, zote mbili ziko chini. Kabla ya dawa ilikuwa moja.

#18 Nahodha wa Pangani
Marahaba. Nimesema nta mwanangu, sikusema mshumaa.

#19 Fundi wa Manzese
Chalii umenichekesha mpaka nimejichoma sindano. Mshumaa wa dukani ni mafuta yaliyoganda, unateleza. Babu anasema nta ya nyuki, ile ya njano inayonata ukiishika. Ndiyo ninayopitishia uzi wangu kabla ya kushona soli. Wauza asali wanayo, ukipata kipande kama kidole kinakutosha mwaka. Unavuta kamba juu yake mara mbili tatu, pale tu panapokaa fundo, si kamba nzima.

Na babu yuko sahihi kuhusu kamba za duara. Kwangu nabadilisha hizo kuliko aina yoyote.

#20 Mbeba Katoni
Majibu ya siku ya kwanza. Nimetoka saa moja asubuhi, nimerudi saa kumi na mbili jioni. Kushoto, mtindo wangu wa zamani: imefunguka mara nne. Kulia, mtindo wa fundi: haijafunguka hata mara moja. Nimeingia nayo ndani ikiwa imefungwa, nimevuta mkia mmoja, ikaachia yenyewe bila meno.

Ila mikono inakataa. Nimekaa ukingoni mwa kitanda asubuhi, naanza kushoto juu ya kulia, vidole vinasimama kabisa kama vimesahau. Nimefunga mara tatu ndipo nikapata. Jirani kanikuta nimeinama kimya akadhani naumwa tumbo.

#21 Mkimbiaji wa Iten
Salamu kutoka Iten. Huku kamba ikifunguka katikati ya mazoezi kundi halikungoji, unainama, unafunga, ukiinuka wenzako ni vumbi tu unaona. Kwa hivyo hili jambo tunalijali sana.

Mambo mawili niongeze. La kwanza, kwa siku ya mashindano hatutumii fundo la kawaida. Unafanya sikio la kwanza kama kawaida, halafu ile kamba ya pili badala ya kuizungusha mara moja kwa sikio, unaizungusha mara mbili, ndio unaisukuma kwa tundu. Unavuta masikio. Fundo linakuwa nene kidogo na halitoki, lakini ukimaliza unavuta mkia na linafunguka vizuri, si kama fundo juu ya fundo ya Dada Sauda. Kisha masikio na mikia yote unachomeka chini ya zile kamba zilizokatisha huko mbele. Hakuna kitu cha kurushwa tena, vile mwalimu amesema.

La pili ni kile kitundu cha juu kabisa karibu na kifundo cha mguu, ambacho wengi wanaacha wazi wakidhani ni urembo. Si urembo. Ukifika kitundu cha pili kutoka juu, usikatishe. Rudisha kamba kwa kitundu cha juu upande uleule, ibaki pete ndogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa pitisha kila kamba ndani ya pete ya upande wa pili, vuta kwenda chini, kisha funga. Kisigino kinashikwa, hakichezi. Mguu usipocheza ndani, fundo pia halisumbuliwi sana. Ukishuka mteremko utajua tofauti.

#22 Chalii wa Sakina
Lakini Bolt si alishinda kamba ikiwa imefunguka?

#23 Mkimbiaji wa Iten
Ndiyo, Beijing 2008, fainali ya mita 100, kiatu cha kushoto kamba ilikuwa wazi na bado akaweka rekodi ya dunia, 9.69. Lakini hiyo ni sekunde kumi hata hazijaisha. Marathoni ni kilomita 42. Kipchoge mwenyewe Berlin 2015 hakuwa na shida ya kamba, soli za ndani ndizo zilitoka zikawa zinapigapiga kando ya viatu. Akavumilia, akamaliza kwa 2:04:00 na kushinda, mguu ukitoka damu. Kiatu ni kitu kidogo mpaka kikukatae.

#24 Mzee Kandambili
Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku. Mimi sijasema kitu.

#25 Mgumu wa Machame
Nimepita, niongeze la mlimani. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, siku hizi nasaidia na kuongoza wageni.

Usiku wa kilele unatoka Barafu katikati ya usiku, juu ya mita 4,600, baridi inauma mpaka kwenye meno. Mgeni akifungukiwa kamba hapo ni kesi. Anatakiwa avue glovu, na akizivua vidole vinakuwa vijiti ndani ya dakika moja, fundo halifungiki. Nimeshapiga magoti kwenye changarawe nikafunga viatu vya watu wazima, maprofesa, taa ya kichwani ikiwaka, huku wakinishika mabega. Kwa hiyo sheria yangu: viatu nakagua mimi mwenyewe ndani ya hema, kabla ya kutoka. Namwambia piga kisigino chini kwanza mguu urudi nyuma, ndipo ukaze.

Kupanda na kushuka kufunga kwake ni tofauti. Kupanda, juu ya kifundo acha nafasi, mguu unahitaji kukunja. Kushuka kwenda Mweka, kaza pale mguu unapopindia, la sivyo kila hatua vidole vinagonga mbele, na ukifika geti kucha ni nyeusi. Ukitaka chini pawe pamelegea na juu pamekazwa, pale katikati zungusha kamba mara mbili moja juu ya nyingine kabla ya kuendelea kukatisha. Zinashikana, zinashikilia mkazo hata kabla hujafunga fundo.

Wagumu wengi tunabeba kwa viatu vilivyoachwa na wageni, saizi si yetu. Hiyo mbinu ndiyo inayotufikisha chini.

#26 Deree Boda Tegeta
Wa pikipiki tahadhari. Mimi kwangu haikuwa kukanyaga. Sikio la kiatu cha kushoto lilinasa kwenye gia. Nafika kwenye foleni, nasimama, nataka kushusha mguu, mguu hauji. Pikipiki ikalala taratibu kama inasinzia, mimi na abiria wangu juu yake, katikati ya magari. Abiria alikuwa mama mtu mzima na kapu la mayai. Sitaki kusimulia zaidi. Tangu siku hiyo masikio nachomeka ndani, kama jamaa wa Iten alivyosema.

#27 Dada Sauda
Mayai tena. Huu uzi una maiti nyingi za vyombo na chakula.

#28 Mama Wawili
Mimi nimegundua kitu kwangu ndani baada ya kusoma ya fundi. Nina watoto wawili. Mkubwa nilimfundisha kufunga viatu mimi nimekaa mbele yake, tunaangaliana. Mdogo alifundishwa na bibi yake, amempakata mgongo kifuani. Leo nimewapanga mlangoni kabla ya shule nikakagua. Mdogo yamelala sawa. Mkubwa yanaangalia vidole, na kweli ndiye ninayempigia kelele kila siku "funga viatu".

Nadhani alipokuwa ananiangalia alichukua hatua moja kama anavyoiona kwenye kioo na nyingine akaifanya kwa mkono wake wa kawaida, zikagongana. Mimi nilisema ni mzembe. Mtoto wa watu hakuwa mzembe, mwalimu ndiye alikuwa amekaa vibaya.

Kwa wenye wadogo: kaeni nyuma yao au ubavuni, mikono yenu na yao ielekee upande mmoja. Na weka kamba mbili za rangi tofauti, nyeupe moja nyeusi moja, uweze kusema "nyeusi juu ya nyeupe" badala ya kulia na kushoto, maana kulia na kushoto kwenyewe bado.

#29 Fundi wa Manzese
Mama Wawili hiyo ya kukaa mbele sikuwahi kuifikiria. Nawaona wateja wangu tofauti sasa.

#30 Kuruta Mstaafu
JKT hakuna masikio nje. Mkia unaingia ndani ya buti, basi. Siku ya kwanza mmoja wetu alikimbia mchakamchaka na kamba nje, aliyekuwa nyuma akaikanyaga, wakaanguka wanane. Afande hakutaka kujua kamba ni ya nani. Wote tuliruka kichura.

#31 Raia Mwema
Nimeangalia vyangu. Vinaangalia vidole. Nimebadilisha. Mafuta bado ghali lakini.

#32 Mwalimu wa Fizikia
Karibu Raia Mwema.

#33 Mbeba Katoni
Wakuu, wiki imeisha, natoa hesabu.

Siku ya pili nimefunga viatu vyote viwili mtindo wa fundi. Sifuri. Siku ya tatu imefunguka ya kushoto mara moja. Nikaangalia: masikio yanaangalia vidole. Nilichelewa kuamka, nikafunga mbiombio, mikono ikarudi kwenye dini yake ya zamani. Nikatua katoni pembeni ya ukuta, nikarudia pole pole. Siku ya nne nimenunua kamba bapa za pamba, machinga alitaka elfu mbili, nimempa elfu moja mia tano. Zile za duara nimemfungia mtoto wa dada yangu tiara. Zilikuwa na mikia mirefu kweli, mwalimu, zilikuwa zinafika chini.

Hiyo ya kuzungusha mara mbili naitumia siku za ghorofa tu. Siku za kawaida la fundi linanitosha. Nta sijapata bado, muuza asali wa mtaani kwetu anasema yake ni ya kuchemsha na haina nta, nikamwuliza asali gani hiyo, akaninunia.

Jana bosi kanituma ghorofa ya tano, sahani za udongo, na yeye akaja nyuma yangu maana mteja ni rafiki yake. Nimefika kwenye kona ya ngazi nimegeuka kumpisha, macho yakaanguka kwenye viatu vyake. Ngozi nyeusi, vimepigwa rangi vinang'aa, na sikio moja linaangalia vidole, jingine linaangalia tai. Mkia wa kushoto umeshaanza kurefuka. Nikamwambia, "Bosi, fundo lako linakufungukia." Akaniambia niangalie sahani zake.

Tulipofika ghorofa ya nne nikasikia nyuma yangu amesimama. Sikugeuka, mikono yangu ilikuwa imejaa.